Ukuta Nyuma ya Kabati

Hapa ninapoishi sasa kuna binti wa jirani aliyeolewa mwaka jana. Amehamia nyumba mpya ya saruji, imepakwa chokaa ikang'aa, na anakohoa. Wamempa dawa ya chupa. Wamemwombea. Wamemkataza maji ya baridi na kumvalisha sweta juu ya sweta. Nilipokwenda kumjulia hali niliomba niingie chumbani anakolala, na kabla sijafika kitandani pua yangu ilikuwa imeshanijibu. Nilirudi kwangu nikiwa na hasira. Nilidhani hasira ile iliisha zamani. Haijaisha.

Basi nimekaa kuandika. Mambo ya kidaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Nitaeleza yaliyonipata Mbeya na Iringa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, ili mwenye kikohozi kama changu ajue pa kuanzia kutazama.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu. Nyumba ya baba yangu ilikuwa ya mianzi na udongo, paa la nyasi, na mvua ya kwetu kila mtu anaijua, lakini upepo uliingia huku ukatokea kule na hakuna aliyeugua kwa sababu ya nyumba. Niliolewa na Petro, Mhehe wa Kalenga, dereva wa lori wa kampuni moja iliyochukua mpunga Ubaruku na kuuleta Mbeya. Kampuni ilikuwa na nyumba nne za safu moja chini ya kilima, za madereva wake, na Petro alipopewa moja alinichukua tukaenda kuitazama kabla hata haijafagiliwa. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu, dirisha la kioo chumbani. Alizunguka akigonga kuta kwa kiganja kama mtu anayegonga shingo ya ng'ombe aliyemnunua. Ndugu zake walipanda basi kutoka Iringa kuja kuiona tu, wakalala, wakarudi.

Waliojenga safu ile walikichimba kilima wakaziegemeza nyumba kwenye udongo. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu cha kulala ulifukiwa kwa nje karibu nusu yake. Mvua ikinyesha, maji yote ya mlima yalikuja kusimama pale. Hilo lilionekana kwa macho, mchana, na kila mtu. Sijapata kumsikia mtu akilisema.

Masika ya kwanza tulipata harufu tu, na viatu vya Petro vya kanisani vikaota rangi ya majani. Nikavifuta. Masika ya pili mwanetu Tumpe alikuwa amezaliwa, na mimi nikaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kisichotoa kitu. Jioni homa inapanda, asubuhi nimelowa jasho. Kisha pumzi ikapungua. Nilikuwa nikibeba ndoo kutoka bombani bila kutua, nikafika mahali pa kutua kila nyumba, mwishoni nikawa naomba maji kwa jirani. Gauni la harusi nililokuwa nikilivaa Jumapili likawa linanizunguka, nikalibana kwa pini. Maziwa yakapungua. Tumpe alikuwa ananyonya, anaachia, ananitazama, analia.

Petro alinipeleka hospitali. Wagonjwa wa kifua tuliketi kwenye benchi la varanda, kila mtu na chupa yake tupu aliyotoka nayo nyumbani, maana dawa ya kikohozi ulitiliwa kwenye chupa yako mwenyewe. Nilizijua chupa za watu kuliko nilivyozijua sura zao. Nikapewa dawa nyeusi ya utamu, kisha ya chungu, kisha sindano. Kila nilipoketi pale tangu asubuhi hadi jua linapinda, nilijisikia nafuu kidogo, nikidhani ni dawa niliyokunywa jana. Nikirudi nyumbani nikilala, kifua kinafunga tena.

Wote waliokuja kunitazama walisema ni baridi. Mbeya baridi ipo kweli, huwezi kubishana na mtu. Petro kwa kunihurumia alichukua mbao akalipigilia lile dirisha la kioo, akaziba nyufa kwa magunia. Mama mmoja wa kanisani alisema nikazane na uji wa moto na nisitoke. Nilikaa mle ndani masika yote, dirisha limepigiliwa, mlango umefungwa, jina la huduma hiyo ni upendo.

Na kulikuwa na Bwana Zakaria. Huyu alikuwa nyapara wa nyumba za kampuni, mtu nadhifu, soksi ndefu hadi magotini. Kila kiangazi alikuja na ndoo za chokaa na vibarua wawili, kuta zinapakwa, anaandika kwamba nyumba ziko sawa. Siku moja aliona weusi umejitokeza kwenye kona ya chumba, juu ya kabati. Nje walikuwepo majirani wanachambua mboga. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mama Tumpe, nyumba ya saruji si kibanda cha mianzi. Inataka usafi."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeinua macho pia. Tangu siku ile nikawa nasugua kona ile kila asubuhi kwa kitambaa cha maji na sabuni, huku nimeshika ukuta kwa mkono mwingine nisianguke. Weusi ulitoka, ukarudi. Nikasugua zaidi. Kuvu ile ilitaka maji, nami nilikuwa naipelekea maji kila siku kama mtu anayenywesha bustani.

Mwisho wa masika walinipiga picha ya kifua. Daktari aliiinua kwenye mwanga akasema kuna kivuli asichokipenda, huenda ni kifua kikuu, niende hospitali ya misheni upande wa Iringa, wana wodi ya wagonjwa wa namna hiyo. Sikumlaumu daktari na simlaumu leo. Aliangalia kifua. Ukuta hakuuona.

Habari ilifika Kalenga kabla yangu. Mama mkwe alikuja na lori alilokuwa akiendesha Petro, akashuka, akanisalimu akiwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, Mkatoliki wa kila asubuhi, aliyezika watoto watatu kabla Petro hajakua. Hakuingia chumbani. Alimchukua Tumpe kutoka mikononi mwa Petro, akamfunga mgongoni, akamvutia kofia ya sufu mpaka usawa wa macho.

"Huyu ataishi," alisema. "Naondoka naye."

Nilimwambia bado ananyonya. Alisema, "Ananyonya nini?"

Nimeyasikia maneno mengi mabaya maishani, mengine yalisemwa kwa makelele na matusi. Lile lilisemwa taratibu kabisa. Nilimtazama Petro. Alikuwa anatazama tairi.

Pale misheni nilikaa kipupwe chote. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha pande zote mbili, na masista waliyaacha wazi mchana na usiku, blanketi mbili kwa kila mgonjwa. Mara ya kwanza nilidhani wanataka kutuua. Kila siku sindano, makalio yakawa magumu kama ubao, na kila baada ya muda unapewa kikopo uteme makohozi yakapimwe. Mimi nilikuwa sina cha kutema. Jirani yangu wa kitanda, mama wa Kihehe aliyekuwa anatema damu, alinitania kwamba nimekuja kula bure. Aliniazima shuka yake siku yangu ilipofuliwa. Alifariki kabla ya mahindi kuvunwa, na shuka ile nilikuwa bado ninayo.

Mimi nilianza kupona upesi mno. Homa ya jioni iliondoka kwanza, kisha usingizi ukarudi, kisha njaa. Mifupa ya shingo ikaanza kufunikwa. Nilitembea hadi kwenye bustani ya misheni, kisha hadi barabarani, narudi bila kushika kitu. Makohozi yakapimwa tena na tena, hayana kitu.

Jumapili za kuona wagonjwa mama mkwe alimleta Tumpe, lakini hakupita uzio. Alisimama ng'ambo akimwelekeza, "Yule pale," kama anayemwonyesha mtoto ndege juu ya mti. Tumpe alikuwa ameanza kutembea. Sikuwepo alipoanza. Nilipunga mkono, naye alificha uso kwenye shingo ya bibi yake.

Sista aliyesimamia wodi yetu alikuwa mzungu mzee aliyesema Kihehe kama waliozaliwa nacho, na Kiswahili cha kuunganisha. Kabla ya kuniruhusu aliniketisha kwenye kiti chake akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nyumba yangu imejengwa wapi. Nalala upande gani. Ndani kunanukaje. Nikamweleza. Akafikiri, kisha akasema amewahi kuona watu waliofanya kazi kwenye ghala lenye nafaka iliyooza, wanakohoa kama mimi, wakitolewa mle wanapona, wakirudishwa wanaugua.

"Kifua kikuu kwako sikioni," alisema. "Sina hakika ni nini. Lakini ukifika, kiangalie kile chumba kabla hujalala ndani yake."

Niliondoka misheni nikiwa na pumzi, nikapitia Kalenga kumchukua mwanangu. Mama mkwe alinipikia ugali na mboga za maboga, akanikaribisha vizuri, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema masika yapite kwanza. Nilimwambia sista amesema si kifua kikuu. Akasema sista hajazika mtoto. Petro alikuwa ameketi hapo hapo. Nilimsubiri aseme neno moja. Alimega tonge, akalichovya, akala. Nilisafiri naye hadi Mbeya kwenye lori lile bila kufungua mdomo, na hata alipouliza kama nasikia baridi sikumjibu.

Tulikuta nyumba imepakwa chokaa mpya. Bwana Zakaria alikuwa amepita. Ilikuwa nyeupe, inapendeza, na kwa sababu ilikuwa nyeupe nilimsahau sista nikalala ndani. Mvua za kwanza zilipoanza kifua kikafunga. Kikohozi kile kile. Jioni homa. Majirani wakasema kifua kikuu kimerudi. Petro akasema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko ugomvi, kwamba itabidi nirudi Iringa.

Ndipo nilipobeba mkeka wangu nikahamia jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, kuta za fito na udongo, moshi umejaa, kila mtu aliniambia moshi utanimaliza. Nililala mle karibu na majivu. Niliamka macho mekundu, lakini kifua kimefunguka. Nikarudia. Ikawa hivyo hivyo. Nikijaribu kurudi chumbani hata kwa kupumzika mchana, kinafunga. Petro alidhani nimechanganyikiwa, na alianza kuzungumza nami kama anavyozungumzishwa mtu wa kuchungwa.

Nilimwita Mama Eliza, jirani wa nyumba ya pili, Msafwa, mwanamke wa maneno machache na mabega mapana. Nilimwomba anisaidie kulivuta kabati.

Kabati lile Petro alilichongesha kwa fundi kama zawadi ya harusi yetu. Lilikuwa zito, na tangu tulipohamia lilisimama kwenye ukuta wa nyuma bila kusogezwa. Vibarua wa chokaa walikuwa wanalizunguka tu kwa brashi. Tulilivuta likaacha ukuta, na Mama Eliza akasema neno la Kisafwa ambalo sikuliuliza maana yake.

Ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi kifuani pangu. Weusi wenyewe ulikuwa na manyoya, na katikati ya manyoya madoa ya kijani na ya njano, mengine yametuna kama majipu. Mgongo wa kabati ulikuwa umeoza, nikaubonyeza kidole kikaingia. Chini yake nguo za Tumpe za uchanga, nilizokuwa nimezikunja vizuri nikimngojea, zilikuwa zimeshikana kipande kimoja. Harufu ilitupiga tukatoka nje. Kichwa cha kitanda chetu kilikuwa kimekaa hatua moja kutoka pale, na Tumpe alilala upande wa ukutani, upande wa joto, kama tulivyofikiri.

Nilikaa chini kwenye majani nikakohoa hadi nikatapika, na nilipomaliza nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Nilifikiria benchi la hospitali. Nilifikiria zile sindano, na yule mama wa shuka, na uzio wa misheni. Nilifikiria kwamba mwanangu alichukuliwa kutoka kwangu kwa sababu ya maji yaliyosimama nyuma ya nyumba, na aliyepaswa kuyaona alikuwa ananifundisha usafi.

Petro aliporudi nilimwonyesha. Aliogopa, nilimwona akiogopa. Lakini alipopata la kusema akasema tumwambie Bwana Zakaria alete rangi ya mafuta, hiyo haipitishi maji. Nilimkubalia. Rangi ililetwa, ikapakwa juu ya weusi ule ule, ya kijivu, inang'aa kama sahani. Haukupita muda ikaanza kuvimba. Nilichukua sindano ya kushonea nikatoboa uvimbe mmoja, yakatiririka maji ya rangi ya chai yenye harufu ile ile. Nikamwita Petro aje aone.

Watu wengine nao walikuja na ya kwao. Mmoja alisema nipake mafuta ya taa, mwingine nichome pilipili, mwingine nimwite mchungaji. Niliwasikiliza wote nikiwa nimekaa mlangoni mwa jikoni. Kadiri walivyosema, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kila mmoja anazungumzia uso wa ukuta. Maji yalitoka nyuma. Lipu ilikuwa imeshayanywa mpaka ndani, na kilichoota kwenye lipu hakifutiki, kinabanduliwa nayo. Nikamwambia Petro: tuchimbe mfereji nyuma, tutoe udongo ulioegemea, tubandue lipu yote hadi tofali, tuache ukauke kiangazi kizima, na dirisha lifunguliwe.

"Ukuta si wetu," Petro alisema. "Ni wa kampuni."

"Na mapafu ni ya nani?"

Kesho yake alikwenda Ubaruku kuchukua mpunga, na barabara ilivyokuwa nilijua atakaa.

Tulianza siku hiyo hiyo. Mama Eliza alimwita mdogo wake, wakajifunga kanga mbichi puani. Mimi nilikatazwa kuingia, na nilikubali, nikachukua jembe nikaenda nyuma. Wao waliunyunyizia ukuta maji kidogo kwanza, ili vumbi lisiruke, kisha wakaubandua kwa tindo na nyundo. Lipu ilitoka kama maganda ya kidonda. Waliikusanya kwenye magunia, wakaenda kuifukia mbali. Godoro la sufi nililichoma. Nguo za uchanga nilizichoma. Kabati nalo nililichoma, na Mama Eliza aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Waliyasugua matofali kwa brashi ya waya na magadi, wakafungua zile mbao za dirisha, jua likaingia mahali ambapo lilikuwa halijaingia tangu Petro apigilie.

Mimi nilichimba. Nilichimba majembe machache, napumzika, nachimba. Udongo ulikuwa mzito, mweusi, umelowa hata pale ambapo mvua ilikuwa imekatika kitambo, na ulipobanduka kwenye ukuta ulitoa mlio kama mguu unaotoka matopeni. Mama Eliza alipomaliza ndani alikuja kuumalizia mfereji kwa beleshi. Tuliupeleka hadi korongoni, tukatandika mawe chini.

Bwana Zakaria alikuja siku Petro aliporudi, lori limesimama bado linatoa moshi. Aliingia chumbani akaona matofali matupu. Nilitoka jikoni nikajua sasa kazi ya mume wangu iko mikononi mwa mtu huyu, na sikurudi nyuma. Alisema nimeharibu mali ya kampuni. Alisema lipu irudishwe mara moja, ama tuihame nyumba. Yote hayo alimwambia Petro, mimi hakunitazama.

Petro aliingia chumbani. Akaweka kiganja juu ya matofali, pale pale alipogonga siku ya kwanza akifurahi, na alipokiondoa kilikuwa kimelowa. Alikifuta kwenye suruali.

"Gunia la mpunga likilowa," alimwambia Bwana Zakaria, "hatulifuniki turubai tukasema liko sawa. Tunalishusha, tunalifungua. Ukuta huu haupigwi lipu mpaka ukauke. Mwambie meneja nimekataa mimi, si mke wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemea tangu nianze kuugua. Nilitaka kufurahi. Nilichokisikia moyoni ni swali moja tu, maneno haya yalikuwa wapi Kalenga, lakini sikuliuliza mbele ya mgeni.

Meneja alikuja mwenyewe siku nyingine. Alichungulia mlangoni, akanusa, akazunguka nyuma, akasema mfereji umekaa vibaya usafishwe kingo. Basi. Petro hakufukuzwa, ila alihamishiwa njia mbaya kuliko zote, akawa anakwama na lori matopeni masika yote. Nyumba yetu ilipigwa lipu mpya ya chokaa ukuta ulipokauka. Zile tatu nyingine zilipakwa chokaa juu ya ya zamani, kama kawaida. Mume wa Mama Eliza alikataa ukuta wake kuguswa, aliogopa njia mbaya, na siwezi kumhukumu mtu mwenye watoto. Mama yake mzee alikuwa analala chumba cha nyuma. Alikohoa masika yale, akafa. Watu walisema ni uzee. Mimi na Mama Eliza tulikaa upande mmoja msibani, hatukutazamana.

Anayesoma haya, akikohoa, namwambia hivi. Vuta kabati. Inua godoro. Nenda nyuma ya nyumba mvua ikinyesha utazame maji yanasimama wapi. Kama unapata nafuu ukiwa kwa watu na unaugua ukirudi kwako, usikubali kuambiwa ni uchafu wako, na usikubali mtu aje na ndoo ya kufunika. Dawa unywe, hospitali uende, mimi nilikwenda na singekataza mtu. Lakini ukuta nao uutazame.

Masika yaliyofuata maji yalipita mfereji yakinguruma, mekundu, na ukuta ukabaki mkavu. Nililala chumbani. Sikukohoa. Petro akaenda Kalenga, na safari hii alisema, maana alirudi na mama yake na Tumpe.

Mama mkwe aliingia chumbani, mara ya kwanza tangu niugue. Aliuliza kabati liko wapi. Nikamwambia nililichoma, na kwa nini. Alipitisha mkono ukutani, akatoka, akazunguka nyuma. Alikaa huko. Nilipomfuata nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, ameshika jembe langu, anazibua tope lililoziba mdomo wa mfereji. Hakuniomba radhi, siku ile wala siku nyingine hadi alipofariki. Alisema tu, bila kugeuka, kwamba mawe ya huku yanahitaji kuongezwa. Nikaenda kuyaokota.

Tumpe alimwita bibi yake mama. Mimi aliniita kwa kunyoosha kidole. Siku bibi alipopanda basi kurudi, mtoto alilia hadi sauti ikapotea, akiuelekea mlango, akinipiga kwa mikono yake midogo nilipomzuia. Nilikuwa na hasira kwa wote: kwa bibi, kwa Petro, kwa kampuni, kwa kilima. Kwa mtoto sikuwa nayo. Nilimwinua, nikamweka mgongoni, nikamfunga, nikatoka naye. Alikuwa mzito, mtoto wa kutembea si wa kubebwa tena. Nilipanda naye kilima chote nyuma ya nyumba akilia jina la mwanamke mwingine, na nilipofika juu alikuwa amelala, nami nilikuwa bado ninazo pumzi.